Mwanzi wa Gesima

Aliyepishana na Jethro Ombati njiani miaka ile hakumsahau, kwa sababu ilimbidi ainame. Jethro alitembea katikati ya barabara na mianzi minne au mitano begani, kila mmoja mrefu kuliko nyumba, na alipogeuka kumsalimu mtu wa kushoto, ncha za nyuma zilifagia kulia: kofia ya mzee, kapu la ndizi, mbwa aliyedhani yuko mbali. "Pole, pole sana!" alisema, akageuka kuomba radhi, na ncha za mbele zikafagia upande wa pili.

Mabasi hayakumpokea. Makondakta wa Kisii walimwona kwa mbali wakagonga bati ili dereva aongeze mwendo. Basi alikwenda kwa miguu, kutoka kwake Nyakoe hadi Ogembo, hadi Nyamira, hadi Gesima kwenye baridi ya majani chai. Huko juu wanafunzi waliona ncha za mianzi zikichomoza nyuma ya kilima kabla ya mtu mwenyewe, wakapiga kelele kwamba michezo imefika.

Aliuza mianzi ya kurukia. Ni ule mchezo ambao mtu hukimbia ameshika mwanzi mrefu, akausimika kwenye kishimo, nao ukapinda ukamnyanyua juu ya ufito uliolazwa kwenye nguzo mbili. Yeye mwenyewe aliuruka ujanani, katika shule ya misheni, na waliomwona walisema alikuwa kama mtu aliyesahau kurudi chini. Lakini fainali za wilaya zilifanyika Jumamosi, na Jethro alikuwa Msabato, mtoto wa Wasabato. Kila mwaka alishinda Alhamisi, akashinda Ijumaa, na Jumamosi akaketi kanisani huku mtu ambaye yeye alimshinda jana akichukua kikombe. Alipomaliza shule aliwatengenezea wengine mianzi. Hakuwahi kuona hata mmoja ukiruka fainali. Jumamosi za michezo, baada ya ibada, alipanda kilima cha nyuma ya nyumba akasimama akitazama upande wa Kisii, kana kwamba kelele zingeweza kufika.

Mkewe Esnah aliyajua hayo yote alipoolewa. Alichokuwa hajakijua ni kwamba mume wake hakai.

"Baba Nyanchera, kaa chini ule."

"Nakula."

"Unakula umesimama. Ng'ombe ndiye hula amesimama."

"Na ng'ombe ana nguvu," Jethro alijibu mdomo umejaa, akatoka na sahani mkononi kwenda kutazama mianzi.

Mianzi ilikuwa ndani ya jiko la Esnah, hapo ndipo ugomvi wao ulipokuwa na makao. Jethro aliikata kando ya mto, akaipaka mafuta ya nyama, akaipandisha darini juu ya meko ikauke taratibu kwa moshi, tangu mavuno hadi mavuno. Jiko halikuwa na urefu wa kuitosha. Alitoboa ukuta, na ncha zikatokea nje, na kuku wa jirani wakafanya pale mahali pao pa kulala. Wageni waliokuja kwa Esnah waliuliza kama nyumba inaota pembe. Yeye alicheka nao, kisha akabaki peke yake akitazama masizi yakidondoka kwenye sufuria.

Baada ya uhuru shule ziliota kila kilima kwa harambee, na kila shule ilitaka uwanja, na kila uwanja ulitaka vifaa. Mwanzi wa Jethro ulikuwa bei ya majogoo wawili. Shule isiyo na fedha ilimpa majogoo wenyewe. Miaka hiyo Esnah alipanda chai, akaipalilia, akaichuma, akaipeleka kituoni kupimwa, mara nyingi peke yake. Alimwomba mumewe aache kuzunguka, wachume pamoja. Jethro alichuma mistari miwili, akanyoosha mgongo, akatazama barabara. Esnah aliona macho yale akaacha kuomba. Moyoni hakuacha. Alitaka siku moja tu amwone mtu yule ameketi na miguu yake imetulia, kwa sababu aliamini kuna jambo linalomfukuza, na kama angeketi lingempita.

Miaka ya sabini ilipoanza, katika wilaya nyingine mbali na Kisii, mwanzi ulipasuka mvulana akiwa juu. Haukuwa wa Jethro. Shule ile hakuwahi hata kuisikia. Lakini kijana aliumia vibaya, watu wakasema, na waliosema walisema kweli, kwamba vifaa vya watoto haviwezi kuendelea kununuliwa kwa kuaminiana. Ikaja amri. Kila kifaa cha kurusha au kurukia, kiwe mkuki, kisahani, tufe au mwanzi, sharti kipimwe na kupigwa muhuri. Shule itakayoleta mashindanoni kisicho na muhuri itaondolewa.

Jethro alikwenda mjini kwa Obwocha, mwenye duka la vifaa vya michezo, akifuatana na Esnah aliyekuwa na haja ya chumvi na mafuta ya taa. Zamani ukuta wa duka lile ulijaa: mikuki ya fundi wa Nyamira iliyokuwa mizito kidogo, mikuki ya Kisumu iliyokuwa myepesi mno, visahani vya mti, mipira iliyoshonwa na washona viatu. Mwalimu alichagua kulingana na mfuko wake. Siku hiyo palikuwa na mkuki mmoja, umefungwa kwa mnyororo.

"Mbona ukuta uko uchi?" Jethro aliuliza.

"Muhuri umeuvua nguo," Obwocha alisema. "Fundi analipa ada kwa kila kifaa, kipite kisipite. Kikivunjika kwenye kipimo, hasara ni yake. Basi kilichopita kinabeba bei ya kilichovunjika. Mafundi wote wamerudi shambani."

"Na huo?"

"Wa Nairobi. Bei yake ndama jike. Walimu wanakuja kuutazama kama wanavyotazama maiti ya mtu mkubwa. Wanavua kofia, wanasimama kidogo, wanaondoka." Obwocha alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Lakini sikufichi, mzee. Ile mikuki ya Kisumu, chuma chake kilikuwa kikichomoka hewani. Mimi niliiuza. Sasa wewe lete mianzi yako ipimwe. Mpimaji anakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, atakuwa hapa nyuma ya duka."

Toka siku hiyo Jethro hakulala vizuri wala hakumwacha mtu alale. Alishusha mianzi, akaipandisha, akaishusha. Alichagua sita iliyokaa moshini muda mrefu kuliko yote. Alhamisi akaenda mtoni kutazama mingine ambayo hakuwa ameitazama toka Jumatano.

Esnah alibaki nayo uani. Aliitazama: myeusi, imeng'aa kwa mafuta na masizi, ina kinyesi cha kuku kwenye ncha. Kesho ingetazamwa na mtu wa Nairobi. Kwao mgeni alipotarajiwa, mwanamke alisiriba sakafu upya, akapaka ukuta udongo mweupe chini na mwekundu juu, akafagia uwanja hadi barabarani. Hakuna aliyefundishwa hayo. Mtu alikua nayo. Esnah aliisugua mianzi kwa mchanga na gunia. Kisha akakumbuka kopo la rangi ya samawati lililobaki walipopaka madirisha ya kanisa. Jethro aliporudi alikuta mianzi sita ya samawati imeegemea mgomba, inakauka, mizuri kama ya Nairobi.

"Esnah!" alisema. Akaizunguka mara mbili akitabasamu. "Atatupa muhuri kabla hatujasalimiana."

Mpimaji alikuwa kijana mpole wa koti la kijivu, mwenye Kiswahili cha pwani ambacho watu wa soko walisogea kukisikiliza hata kama hawakuwa na shughuli. Alikuwa na vigoda viwili vya mbao, mifuko ya mchanga na kioo cha kukuzia. Aliitazama mianzi ya samawati, akapitisha kidole, akasikitika.

"Mzee wangu, hii siwezi kuipima."

"Mianzi yangu iko nguvu," Jethro alisema.

"Huenda. Lakini rangi hufunika ufa. Kifaa cha mti huletwa kikiwa wazi, nikione mwili wake. Nani aliyeipaka?"

Esnah alielewa nusu ya maneno, na nusu hiyo ilitosha. Alitazama chini. Jethro alimgeukia, na kwa Kikisii, taratibu, mbele ya watu wote walioelewa, akamwambia: "Ulitaka nikae nyumbani. Umefaulu."

Ni neno ambalo Esnah alitembea nalo miaka mingi. Halikuwa kweli. Lakini alijua alivyokuwa amelitamani hilo hilo kila alipookota masizi kwenye sufuria, na mtu akishutumiwa kwa jambo alilolitamani bila kulitenda, hana mahali pa kusimama. Aliokota chupa tupu kwenye takataka za duka, akaivunja kwenye jiwe, akaketi na kuanza kukwangua.

Mpimaji alitazama. "Nitakuwapo hadi jioni," alisema.

Jethro naye akavunja chupa. Walikwangua bega kwa bega nyuma ya duka, samawati ikiwajaa mapajani, vidole vinatoka damu, na jua halikusimama kuwangoja. Jua likizama lingekuwa tayari ni Sabato, na Jethro asingegusa mwanzi hata kama muhuri ungekuwa umeshikwa juu yake. Obwocha alitoka mara kwa mara kutazama mbingu, ingawa yeye alikuwa Mkatoliki.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mapaa mpimaji alipoweka mwanzi wa kwanza juu ya vigoda na kuning'iniza mchanga katikati. Ulipinda, ukalia, ukarudi. Akaugonga muhuri wa moto, moshi mdogo ukapanda. Wa pili ukarudi pia. Jethro alikuwa akizunguka vigoda kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Wa tatu ukapasuka.

Haukuvunjika kama kijiti. Ulichanika kwa urefu, sauti yake ikawafanya watu wa soko warudi nyuma, na kilichobaki mbele ya vigoda ilikuwa ncha nyembamba, nyeupe, kali kama mkuki wa Obwocha. Mpimaji hakumcheka mtu. Alishika ile ncha, akaisogeza polepole hadi ikagusa koti lake chini ya mbavu, akamtazama Jethro. Basi.

Wa nne na wa tano ilichanika vilevile. Wa sita ulikuwa na ufa ndani ya pingili, na Jethro alipopewa kioo aliuona wazi. Ulikuwapo tangu mtoni. Rangi haikuwa imeuficha. Ni macho yake yaliyokuwa hayajaujua.

Walirudi Nyakoe usiku haujaingia sawasawa, mianzi miwili yenye muhuri wameiacha kwa Obwocha kwa ajili ya Sabato. Kulipia ada ya sita kwa miwili ya kuuza, kila mmoja ungepaswa kuuzwa kwa bei ya mbuzi. Esnah alingoja mumewe aseme juu ya hilo, au juu ya rangi. Jethro alitembea bila kupunga mkono kwa mtu yeyote.

"Mingapi iko nje?" aliuliza mwishowe.

"Mianzi? Nitajuaje mimi? Umeuza tangu Nyanchera anazaliwa, na sasa Nyanchera ana watoto."

"Yote ilikaa moshini mwako," Jethro alisema. "Yote niliamini."

Jumapili aliondoka tena, na safari hii bega lilikuwa tupu. Alikwenda kuitafuta. Watu walioinama kwa mazoea walipomwona waliinuka wakishangaa. Alipita shule kwa shule akiomba kuonyeshwa mianzi ya zamani, akaiweka kati ya mawe mawili, akaining'inizia mfuko wa mchanga kama alivyoona. Iliyochanika aliikata kuni. Iliyorudi aliitazama kwa shaka akashindwa kuiacha, akashindwa kuichukua. Shule moja ilikuwa imegeuza wake mlingoti wa bendera. Nyingine ilianikia nguo za walimu. Ogembo walimpa mwanzi wao kwa kubadilishana na mmoja wenye muhuri, alioupitia kwa Obwocha. Mwingine wenye muhuri aliuacha karibu na Nyamira, kwa sababu mwalimu mkuu alikataa katakata kutoa kitu bila kupewa kitu. Hakuuza hata mmoja. Esnah alichuma chai na kuyasikia hayo kwa wapita njia. Ndipo alipoelewa kwamba amri haikumketisha mumewe. Ilikuwa imempa sababu ya kutoketi kamwe.

Mwisho akabaki na shule moja, Gesima. Alikwenda mara mbili akarudi ametukanwa.

"Nani anakutukana?"

"Mwalimu Orpah. Ananiita mwizi."

Esnah alijifunga kitambaa kichwani. "Tutakwenda wote."

Mwalimu Orpah alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu wa michezo wa shule ile tangu ilipokuwa darasa moja la udongo. Aliwapokea uwanjani, ukungu ukipanda kutoka kwenye chai, watoto wamejipanga nyuma yake kana kwamba yeye ni ukuta.

"Mzee amerudi. Na leo ameleta askari," alisema, akimtazama Esnah.

"Mimi ni mke wake, Mwalimu. Askari ni yeye."

Watoto wakacheka. Orpah hakucheka. "Mama, nisikilize. Mashindanoni siwezi kwenda na mwanzi huu, najua. Mkuki nimenyimwa, kisahani nimenyimwa. Wa Nairobi hatuwezi, wazazi hapa wanalipa karo kwa viazi. Huu ndio kifaa pekee kilichobaki katika shule hii. Wanauruka jioni, kwa furaha yao tu. Mkiuchukua, kweli hakuna mtoto atakayeanguka. Ataangukaje, akiwa haruki?"

"Na ukichanika?" Jethro alisema. "Mwalimu, mimi niliona ncha."

"Basi niletee wenye muhuri."

"Sina tena."

Kila mmoja alikuwa na haki yake na hakuna aliyeweza kuiweka chini. Esnah aliutazama mwanzi mikononi mwa watoto. Aliufahamu. Ulikuwa na alama ya kuungua karibu na ncha, tangu siku moto wa mahindi ulipopanda juu.

"Leteni mawe mawili," alisema.

Aliuweka mwanzi juu ya mawe, akageuka, akakunja gauni, akaketi katikati yake kwa uzito wake wote, na Esnah hakuwa mwanamke mdogo. Mwanzi ulipinda, ukalia. Watoto walishika vinywa. Alijirusha mara moja, mara ya pili. Mwanzi ukamrudisha juu.

"Mama ana muhuri!" mtoto mmoja alipiga kelele, na safari hii hata Orpah alicheka hadi akafuta macho.

Jethro hakucheka. "Leo mwanzi umekubali," alisema. "Kesho?"

"Kesho nitaketi tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila muhula ulipofunguliwa, watu wawili wazee walipanda kutoka Nyakoe hadi Gesima. Orpah alitoa mwanzi, watoto wakaleta mawe, Esnah akaketi. Kabla hajaketi hakuna aliyeruhusiwa kuruka. Haikuwa sheria ya serikali wala isingekubaliwa popote, na Esnah alijua kwamba makalio ya mwanamke mmoja si ofisi. Njiani alichoka, magoti yalimuuma, na chai ilikomaa bila kuchumwa. Jethro alitembea mbele yake akiongeza mwendo kadiri walivyokaribia, na kati ya muhula na muhula alikula amesimama mlangoni, akisikiliza kama mtu aliyeacha kitu kwenye moto.

Mwaka wa sabini na nane, muhula wa kwanza, nyasi za uwanja zikiwa zimekauka, Esnah aliketi kama kawaida na mwanzi ukatoa sauti aliyoisikia nyuma ya duka la Obwocha. Alianguka chali, miguu juu, kitambaa upande. Watoto walipiga yowe, kisha wakaona anacheka, wakacheka.

Mwanzi ulikuwa umechanika kwa urefu. Ncha yake ilitazama mbinguni, mahali ambapo jioni ile mtoto angekuwa.

Mwalimu Orpah aliitazama muda mrefu. Aliokota vipande vyote viwili, akavikumbatia kifuani. Watoto walingoja waambiwe wafanye nini. Mmoja akaanza kukimbia kuzunguka uwanja, mwingine akamfuata, kisha wote. Mbio hazikuhitaji muhuri, na huko milimani zilikuwa ndizo pekee zilizobaki bila bei.

"Nisaidie niinuke," Esnah alimwambia mumewe, mkono umenyooshwa.

Jethro aliutazama ule mkono. Alitazama barabara ya kurudi. Kisha magoti yake yakakunjika, akashuka kwenye nyasi kando yake, akanyoosha miguu mbele kama mtoto.

"Ngoja," alisema. "Acha kwanza nikae."